Ulanzi wa Mawingu ya Nyota

Tumpe mwanangu,

Kamwene. Nakusalimia kwa lugha ya baba yako, maana nimekaa huku Kilolo miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu Tukuyu, na siku hizi hata nikijikwaa nagutuka kwa Kihehe. Umeshuka Iringa mjini na kaka yako kuchukua koti la baridi. Mvua inanyesha, na hapa kilabuni hakuna mteja isipokuwa Mzee Kadege aliyesinzia kwenye benchi lake. Nimepata nafasi ya kuandika. Haya mambo nikikuambia kwa mdomo utanikatiza, utasema "lakini mama," nami nitapandisha sauti, halafu tutaishia kuosha vyombo kwa hasira wote wawili. Kwenye karatasi nitamaliza ninachotaka kusema.

Sikuandikii habari za kula vizuri wala za kufunga zipu ya koti. Umeishi hosteli kule Mbeya mpaka ukamaliza chuo, unajua kujitunza. Nakuandikia kwa sababu juzi, tukichambua maharage, ulisema neno ambalo mpaka sasa limenikwama kifuani. Ulisema labda usiende. Kwamba utawaandikia wale watu wa maabara ng'ambo wakusogezee nafasi yako mpaka mwakani, ufundishe kemia pale sekondari, umgemee baba yako ulanzi mpaka mguu wake upone. Ulilisema taratibu huku umeinamia maharage, ukadhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi, na furaha ile iliniogopesha.

Basi la safari yako ni kesho alfajiri, na leo ulipoondoka uliliacha begi lako tupu juu ya kabati. Kwa hiyo soma hii kabla hujaamua.

Nianze na kisa cha mbeta, kile ulichokuwa ukikipenda ukiwa mdogo. Unakumbuka nilivyokuja huku nimeolewa sijui lolote kuhusu ulanzi, wala kwamba mwanzi unaweza kutoa pombe. Kwetu nilizoea migomba na chai, mlanzi wa kugema sikuwahi kuuona. Bibi yako, mama mkwe wangu, akanikabidhi mbeta zake, vile vipande vya mwanzi vinavyotundikwa kwenye chipukizi kukingia maji yake. Nikazikuta nyeusi kwa ndani, zina utando, zinanuka uchachu. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya kipande na mchanga, nikazisugua zote mpaka zikang'aa, nikazianika juani. Nikakaa kusubiri sifa.

Kesho yake ulanzi ulitoka mtamu asubuhi, jambo ambalo si ajabu, mtogwa, ule uliotoka kugemwa, ndivyo ulivyo. Ajabu ni kwamba jioni ulikuwa mtamu vilevile, na juu yake unanukia sabuni. Wateja walikaa kwenye mabenchi haya haya, wakanywa, wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "We mwali, leo kuna ubatizo? Mbona watunywesha juisi?" Kilabu kizima kilicheka mpaka watu wakatoka nje kupumua. Bibi yako hakunigombeza. Alisema tu, "Ule utando ndio unaofanya kazi, mwanangu. Sisi twabeba tu."

Kila mvua zilipoanza ulinitaka nikisimulie tena. Wenzako walikuwa wanacheka pale pa ubatizo. Wewe ulikuwa unauliza, "Lakini mama, kwenye utando kulikuwa na nini?" Nikasema uchafu. "Uchafu gani?" Nikakuambia nenda kalale. Hivyo ndivyo nilivyokulea, nikiyafungia mlango maswali yako, kwa sababu nilidhani mzazi asiye na jibu anapungua kimo mbele ya mtoto wake. Ilikuwa inatosha kusema "sijui, mwanangu, hebu tuangalie." Sentensi yenyewe nyepesi, na mimi nimejifunza kuitamka nikiwa na mvi. Huko uendako nasikia hata maprofesa wanaisema kila siku, tena bila haya, na ndiyo wanayolipiwa. Ningejua mapema ningekuwa profesa.

Ulipokuwa chuo Mbeya ukarudi likizo na kutangaza kwamba hutaki tena mambo ya kupima maji na vyakula. Unataka kemia ya vitu vilivyoko kati ya nyota. Kikao cha ukoo kilikaa pale sebuleni, baba yako mdogo akakuuliza, "Sasa wewe utaajiriwa wapi, mbinguni?" Watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikuona ulivyoshusha macho. Najua mtoto anaweza kusahau kicheko cha baba mdogo. Cha mama hakisahauliki, na kinaniuma mpaka leo.

Kisha ukanifuata hapa kilabuni, ukaweka kompyuta yako juu ya meza iliyolowa ulanzi, nikapiga kelele ukaifuta. Ukanionyesha mchoro wenye vilele vingi kama uzio wa miti uliochongoka. Ukasema darubini hizi si za kuchungulia kwa jicho, zinasikiliza, na kila kilele ni kitu fulani kinachotoa sauti yake kutoka mbali ambako mtu hawezi kufika. Na kwamba wenye darubini wakishamaliza kuutumia mchoro wanauachia mtu yeyote, hata msichana wa hosteli ya Mbeya mwenye bando la wiki. Nikakuelewa hapo hapo. Mimi namjua mteja kwa kikohozi chake kabla hajainama kuingia mlangoni. Ulicheka, ukasema ndiyo, mama, ni vikohozi.

Halafu ukaniambia habari ya vumbi. Kwamba kati ya nyota kuna mawingu makubwa ya gesi, baridi kupita baridi yoyote tunayoijua, na humo vitu vinapishana tu bila kukutana. Ila kuna chembe za vumbi zilizofunikwa na barafu. Vikitua pale vinatulia, vinagusana, vinaungana, na vinatokea vitu vipya, mpaka pombe. "Mama, kumbuka mbeta zako," ulisema. "Ulipoondoa utando kazi ikasimama." Kisha ukaharakisha kunionya kwamba si kitu kimoja, kwamba kwenye mbeta ni viumbe hai na kule ni vumbi na barafu tu, na nisije nikaenda kutangaza mambo nusunusu. Nikaenda kutangaza.

Nisamehe, lakini nani angenyamaza? Kufika jioni kijiji kizima kilijua kwamba Tumpe amekuta ulanzi kwenye mawingu ya nyota. Wanywaji walifurahi kama wamepata wakili. Mzee Kadege alisema sasa hata mwinjilisti hana neno. Mwinjilisti naye akasikia, akakuita ukaeleze mbele ya vijana wa usharika baada ya ibada. Nikaona nimekuponza.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Ulisimama mbele. Ukasema pombe ipo kweli, ila nyingi ni ile inayopofusha macho, na imetawanyika mno, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuifuata. Ukasema kikubwa ni kwamba vitu ambavyo miili imejengwa navyo vinaanza kutengenezwa mapema, kabla hata jua na sayari hazijakuwepo. Ukawaambia juu ya chombo kilichokwenda kuchota vumbi na changarawe kwenye jiwe linalozunguka jua, kikavileta duniani, na watu wa maabara wakakuta humo sukari. Mwinjilisti akasimama, "Kwa hiyo binti, wasema Mungu hayumo?" Ukamjibu, "Mwinjilisti, mimi nachunguza mbeta. Aliyeipanda milanzi sijamgusa." Mwinjilisti akacheka yeye mwenyewe, na watu wakamfuata. Nilijivuna siku ile mpaka nikaogopa Mungu ataniona.

Baada ya hapo ndipo nilipokuuliza tena swali la kazi, safari hii kwa upole, nawe ukanijibu kwa upole. Ukanieleza maabara uliyoitiwa: mtungi wa chuma uliotolewa hewa yote, ndani yake kisahani kidogo kilichopozwa sana, gesi inagandia pale kama inavyogandia kwenye chembe ya vumbi, kisha inamulikwa na mwanga mkali ili mwone kinachozaliwa. Ukasema mtungi lazima uwe safi kiasi kwamba alama ya kidole tu inaweza kuharibu kazi. Nikafurahi sana. Hatimaye pamepatikana mahali duniani ambapo sabuni yangu ingethaminiwa! Ukasema wengine wanakokotoa kwa kompyuta, wengine wanatengeneza vifaa vya darubini, wengine wanachunguza hewa ya sayari zinazozunguka nyota za mbali, na kila darubini mpya inaleta michoro mingi kuliko watu wa kuisoma. Ukasema kusini mwa Afrika yetu zinajengwa kubwa, na vijana wa Kiafrika wanafundishwa kuzitumia. Na anayekosa kazi ya nyota, mikono ile ile inaweza kupima hewa ya mijini, au dawa viwandani, au kufundisha chuo. Nikakuuliza, je, wewe una uhakika wa kupata? Ukasema, "Hapana mama. Nafasi ni chache na zinagombaniwa. Ila zipo." Ungeniahidi gari na ghorofa nisingekuamini. Kwa jibu lile nilikuamini.

Basi tulikuwa tumefika pazuri. Kisha baba yako akateleza.

Sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo tulipompandisha kutoka bondeni kwa machela ya mianzi, matope mpaka masikioni, mbeta moja bado ameikumbatia. Daktari akasema mguu utapona lakini polepole. Na mlanzi hausubiri mgonjwa. Chipukizi lisipokatwa upya asubuhi na jioni linakauka pale lilipokatwa, na msimu wa mwaka mzima umekwenda. Ukachukua kisu cha baba yako bila kuambiwa na mtu. Ukaenda, ukarudi na mbeta zimejaa. Wateja wakasema mkono wa Tumpe mwepesi kuliko wa baba yake. Nilipoona ulivyokuwa unagema vizuri ndipo nilipoanza kupata hofu.

Nitakuambia hofu yenyewe ilitoka wapi. Unajua baba yako kila msimu anapita kwenye vichaka kabla ya kugema, anachagua machipukizi manene na kuyafunga jani, na yale hayagusi. Maana chipukizi likishakatwa ncha linatoa maji msimu mzima, ila haliwi mlanzi tena, linaozea hapo hapo. Yale yaliyofungwa jani ndiyo yanayopanda juu na kuzaa mengine. Mimi nilikuwa naiona kazi ile kama kupoteza muda. Nilikuwa namwambia, wateja wanarudi na makopo matupu, wewe unapamba vichaka kama harusi. Mwaka ule ulioanza sekondari alikwenda Madibira kwenye msiba wa dada yake, mimi nikamwita jirani, nikamwambia fungua majani yote, gema yote. Msimu ule tulikuwa na ulanzi wa kumwaga. Nilijiona mfanyabiashara. Mwaka uliofuata kichaka cha juu kikatoa vijiti vyembamba kama vidole vyangu, na kingine kikafa kabisa. Baba yako alichukua jembe. Alichimba mizizi, akahamishia mtoni, na alianza kugema tena pale wakati wewe unamaliza kidato cha nne.

Sasa juzi uliponiambia utabaki, mama yako huyu huyu mwenye tamaa alikuwa anahesabu ndani ya moyo wake: Tumpe atagema msimu huu, na ujao, atafundisha hapo jirani, Jumapili tutaimba kwaya pamoja, watu watasema Mama Tumpe amezaa mtoto. Na nitakuwa na furaha, Tumpe. Nisikudanganye, nitakuwa na furaha kubwa sana kila siku nikikuona unapanda kilima na mbeta. Utasema ni mwaka mmoja tu. Mimi nami nilimwambia jirani ni msimu mmoja tu.

Na nikuambie kwa nini buti zangu zina tope siku hizi. Ulidhani natoka kwenye mazoezi ya kwaya. Kwaya imefungwa tangu mwalimu wake apate mafua. Nilikuwa kichaka cha juu, najifunza kugema. Baba yako anajikokota na magongo yake mpaka ukingoni, anakaa juu ya kisiki, ananifundisha kwa matusi ya heshima. Siku ya kwanza nilikata kipande kinene kama cha viazi, chipukizi likafa. "Mama Tumpe," akasema, "wagema au wachinja?" Siku ya pili nikatundika mbeta kichwa chini. Alicheka, na tangu aanguke nilikuwa sijamsikia akicheka, kwa hiyo sikukasirika sana. Sasa naweza. Jana nilirudi na mbeta zangu mwenyewe na Mzee Kadege akanywa mkangafu wake, ule mkali uliochacha, bila kujua ni mkono wa nani.

Watasema huku wanawake hawagemi. Nimeshaambiwa tayari, na mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Wanawake wa huku pia walikuwa hawachunguzi barafu ya nyota.

Kuna jambo moja tu nakuomba huko, na halihusu chakula wala koti. Utafika mahali ambapo kila kitu kinang'aa, na utatamani nawe ujisugue: Kiswahili chako cha milimani, kicheko chako kikubwa, habari ya kilabu cha mama yako. Mtungi wao usugue hadi ung'ae, ndiyo kazi. Wewe mwenyewe acha utando. Wakikuuliza ulianzaje kupenda kemia waambie nilivyowanywesha watu juisi ya sabuni. Na utakosea huko, utaharibu kitu cha thamani siku ya kwanza au ya pili, na watu watacheka mpaka watoke nje kupumua. Mimi walinicheka hivyo, na kilabu hiki sasa ni changu.

Nimalizie na ya leo asubuhi, ulipokuwa unajiandaa kwenda mjini. Tulishuka mimi na baba yako mpaka mtoni, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Tulitumia muda mrefu, akisimama kila baada ya hatua chache. Nikaona chipukizi moja pembeni ya njia, nene kuliko mkono wangu, zuri kuliko yote ya mwaka huu. Halikuwa na jani, nadhani mvua ililing'oa. Nikainua kisu.

"Hilo liache," akasema baba yako.

Nikamwambia mwaka huu ni mgumu, mguu wako huo, mtoto huyo anataka kubaki kwa ajili yetu, hili moja lingetusaidia. Alinipa magongo, akanishika bega, akainama polepole huku akiuma meno, akachuma jani refu la nyasi akalifunga upya. Ilimchukua muda, na sikumsaidia kwa sababu niliona hataki. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni mguu.

Kisha akasema, "Wewe ndiye mwandishi. Mwandikie Tumpe hili nimelifunga. Atajua."

Nimekuandikia. Begi lako nimelipanga mwenyewe, liko mlangoni. Ukirudi kutoka mjini usinitafute jikoni kuniambia "lakini mama." Mvua imepungua, mimi nashuka bondeni kugema.

Mama yako